Diski ya Kutunzia Vitabu vya Vikundi



Swali la somo hili limetoka Spring Valley, Nairobi. Mnaopajua pale mtashangaa kidogo. Mtu akipita Lower Kabete Road au Peponi Road anaona ua mrefu, mageti na miti mikubwa, naye anadhani hapana kikundi cha kujisaidia mahali kama hapo. Lakini nyuma ya mageti hayo kuna mpishi, yaya, mtunza bustani na askari wa usiku, na wengi wao wamo katika chama cha kuweka na kukopa. Wengine hulala Kangemi, na nyumbani kwao ni huko huko kwenu mashambani.

Viongozi wa vyama kadhaa vya namna hiyo wamekubaliana kuweka kumbukumbu zao mahali pamoja, katika kompyuta moja inayohudumia nyingine, yaani seva. Ofisi moja ya jirani iliyokuwa ikihama imewapa seva iliyotumika, bure kabisa. Diski zilizomo ni chache na za zamani. Sasa wanauliza: tununue diski gani, kubwa na ya kuaminika, ambayo haitatuangusha?

Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, si fundi wa kompyuta. Lakini swali hili nimelikuta mara nyingi, na mafundi wamenifundisha. Tena naona halifai kuachiwa fundi peke yake. Kilichomo ndani ya diski ni akiba ya mama mboga na deni la kijana wa boda boda, na fundi hatakuwepo siku ya kugawana. Kuna kikundi kimoja nilichokitembelea ambacho kompyuta yake ilikufa mwezi wa kumi na moja, wiki chache kabla ya kugawana fedha za mwaka. Pesa zilikuwa benki, hakuna aliyeiba hata shilingi. Ila hakuna aliyeweza kuonyesha nani aliweka ngapi na nani anadaiwa. Waliokuwa na vile vitabu vidogo vya mwanachama walilipwa kulingana na vitabu. Mjane mmoja, ambaye kitabu chake kilikuwa kimelowa mvua, alilipwa kwa kukisia. Baadhi ya wanachama wale hawasalimiani mpaka sasa.

Diski ni kitu gani

Diski ya seva ni sanduku la chuma linaloenea kwenye kiganja. Ndani mna sahani nyembamba zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, ndiyo kusema 120 kwa sekunde moja, usiku na mchana. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo kinachosoma na kuandika bila kuigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani haifiki hata sehemu ya elfu ya unene wa unywele. Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na ukubwa wa kabati, sahani 50 ndani yake, nayo ilibeba herufi milioni 5 hivi. Leo diski ya kiganjani inabeba terabaiti 20 na zaidi, na terabaiti moja ni herufi milioni mara milioni.

Chombo kinachozunguka hivyo miaka mitatu, minne bila kupumzika lazima siku moja kichoke, kama jiwe la posho mill.

Je, ipo diski isiyokufa?

Hapa ndipo watu hudanganyika, kwa sababu karatasi ya kiwandani huandika maneno makubwa. Utakuta diski ya seva imeandikiwa saa milioni 2.5 kabla ya kuharibika. Pigeni hesabu: mwaka una saa 8,760, kwa hiyo saa hizo ni miaka 285. Hakuna mtu aliyekaa na diski miaka 285 akaipima! Maana ya hesabu ile ni nyingine. Kiwanda kinasema kwamba ukiwa na diski 1,000 zinazofanya kazi mwaka mzima, utazika 3 au 4. Haisemi kwamba hiyo yako wewe haitakuwa mojawapo.

Tena hali ya kazini huwa mbaya kuliko karatasi. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichunguza diski zilizokuwa kazini wakakuta kwamba kubadilisha diski 2 hadi 4 kwa kila 100 kwa mwaka lilikuwa jambo la kawaida, na mahali pengine zilifika 13. Kampuni ya Backblaze, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu za watu, imekuwa ikitangaza hesabu ya diski zake zinazokufa tangu mwaka 2013. Kwa miaka ya 2022 hadi 2024 zilikufa kati ya 1 na 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Na kumbukeni, hizo zinakaa katika vyumba vilivyopozwa, stima haikatiki ovyo, wala hakuna vumbi la barabara ya murram.

Tuchukue 2 kwa 100. Kama tuna vikundi 50, kila kimoja na diski yake moja, basi kila mwaka kikundi kimoja kitalia. Hatujui ni kipi.

Kwa hiyo ningewaomba watu wa Spring Valley wabadilishe swali lao kidogo. Waulize: diski hii ikifa leo saa nne asubuhi, kesho tutaweza kumwonyesha kila mwanachama akiba yake? Mkiliuliza hivyo, ununuzi unakuwa mwepesi, na pesa nyingine mtaona afadhali ziende mahali pengine.

Ukubwa: pimeni kabla ya kwenda dukani

Mwenye duka atapenda kuwauzia ile kubwa kabisa. Hebu tupime. Tuseme vikundi ni 60, na kila kimoja kinapiga picha kurasa 100 za vitabu, risiti na fomu kila mwezi. Ukurasa mmoja ukipigwa picha vizuri ni kama megabaiti 1. Hizo ni kurasa 6,000 kwa mwezi, sawa na gigabaiti 6. Kwa mwaka gigabaiti 72. Kwa miaka kumi gigabaiti 720. Terabaiti moja bado haijajaa! Hesabu zenyewe za akiba na mikopo ni kidogo mno, hata hazionekani.

Kinachojaza diski ni kamera za ulinzi. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde huandika gigabaiti 21 hivi kwa siku. Kamera nne kwa siku 30 zinakula terabaiti 2.6. Tena huandika bila kunyamaza. Kama jengo lenu lina kamera, zipewe chombo chao na diski yao. Msiichoshe diski ya vitabu vya akina mama kwa picha za geti.

Kuna sababu nyingine ya kutotamani kubwa mno. Siku diski moja ikifa na ya pili inanakiliwa kwenye mpya, kazi hiyo huchukua muda. Kwa mwendo wa megabaiti 200 kwa sekunde, diski ya terabaiti 20 iliyojaa itachukua karibu saa 28. Ya terabaiti 4 itachukua saa tano na nusu au sita. Katika muda huo wote mmebaki na diski moja tu, mnaomba stima isipotee. Kwa kikundi cha vikundi 60, mimi ningesema terabaiti 4 zinatosha na kubaki.

Na hiyo seva ya bure, iangalieni kwanza. Baadhi ya seva za zamani haziitambui diski inayozidi terabaiti 2. Nyingine zina diski za aina ya SAS, nyingine SATA. Diski ya SATA huweza kuingia kwenye mlango wa SAS, lakini ya SAS haiingii kwenye mlango wa SATA. Fundi asome jina la seva na namba yake, mwende dukani mkiwa nayo kwenye karatasi. Ningesikitika kuwaona mmepanda matatu mara mbili kwa sababu ya mlango.

Aina za diski na suala la mabati

Majina kwenye masanduku ni mengi, lakini watengenezaji wa diski hizi za sahani wamebaki watatu tu duniani: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukinunua diski ya nje yenye jina lingine, ndani utamkuta mmoja wa hao watatu. Ndiyo maana sipotezi muda kugombania jina. Angalieni ni diski ya kazi gani.

Ipo ile ya kompyuta ya mezani, ambayo kiwanda huipa waranti ya miaka 2 kwa kawaida. Haikukusudiwa kuwaka usiku kucha. Ipo ya seva ndogo, kama Seagate IronWolf, WD Red Plus au Toshiba N300. Hii hupewa miaka 3, na kiwanda kinairuhusu kusoma na kuandika terabaiti 180 hivi kwa mwaka. Halafu ipo ya seva kubwa, kama Seagate Exos, WD Gold au Toshiba MG, yenye waranti ya miaka 5 na terabaiti 550 kwa mwaka. Kwa kazi yetu ile ya katikati inafaa kabisa. Ile kubwa ni nzuri, hasa kwa sababu ya miaka 5, lakini ina kelele na bei yake huwa juu. Mkilazimika kuchagua kati ya diski moja ya bei ghali na diski mbili za katikati, chukueni mbili. Na waranti, ndugu zangu, hurudisha diski. Maandishi yaliyokuwamo hairudishi.

Sasa mabati. Diski nyingine huandika mistari yake ikiwa imepandana, kama mabati juu ya paa. Unapata nafasi zaidi kwa eneo lile lile. Lakini ukitaka kubadilisha bati moja la katikati lazima uinue ya jirani. Aina hiyo huitwa SMR. Ile ya mistari isiyopandana huitwa CMR. Kwa kuweka picha za zamani ambazo hazibadilishwi, SMR haina neno. Kwa seva yenye diski zinazosaidiana, kazi ya kujaza diski mpya huweza kuwa ya polepole mno. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski zake za WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zikiwa za SMR bila kuwaambia wanunuzi. Wateja Marekani walikwenda mahakamani. Baadaye kampuni ikazipa zile za CMR jina la WD Red Plus. Kwa hiyo mwulizeni mwenye duka neno moja: ni CMR? Akisema hajui, tafuteni namba ya diski kwenye ukurasa wa kiwanda mkiwa hapo hapo dukani.

Kuna pia diski za SSD zisizo na kitu kinachozunguka. Zina mbio na hazijali kutikiswa, lakini kwa terabaiti moja huwa ghali zaidi, na zikifa mara nyingi hazipigi hodi.

Dukani mjini

Kutoka Luthuli Avenue hadi Moi Avenue maduka ni mengi, na wauzaji waaminifu wapo. Hata hivyo kuna diski za mitumba zinazouzwa kama mpya, na ujanja huo si wa Nairobi peke yake. Mwezi wa Januari 2025 gazeti la kompyuta la Ujerumani liitwalo Heise lilieleza jinsi wanunuzi walivyouziwa diski za Seagate kama mpya, kumbe zilikuwa zimeshafanya kazi makumi ya maelfu ya saa. Mtu alikuwa amerudisha nyuma kihesabu cha saa, kama wanavyofanya kwa magari. Waligunduliwa kwa sababu diski hizo zina kumbukumbu nyingine ya ndani zaidi, iitwayo FARM, ambayo haikuguswa. Seagate ilisema si yenyewe iliyoziuza kwa maduka yale.

Kila diski ina namba yake, na kwenye ukurasa wa kiwanda mtaingiza namba hiyo mwone kama waranti ipo na inaisha lini. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa pesa. Waambieni waichomeke kwenye kompyuta, fundi wenu asome kile kipimo kinachoitwa SMART: diski mpya huonyesha saa sifuri au chache tu. Kama ni Seagate, asome na FARM. Risiti iandikwe namba ya diski, wala isiandikwe tu "hard disk moja". Na mkinunua mbili, jitahidini zisiwe za siku moja ya kiwandani. Nunueni kwenye maduka mawili tofauti. Diski za pacha zenye kasoro moja huweza kufa wiki moja.

Mbili ndani, moja nje

Diski mbili za katikati ziwekwe pacha, kila kinachoandikwa kwa moja kiandikwe kwa nyingine. Mafundi huita RAID 1. Moja ikifa, kazi inaendelea mkitafuta nyingine. Lakini wengi hufikiri wamemaliza. Bado! Katibu akifuta kwa bahati mbaya kitabu cha mikopo, kinafutika kwenye zote mbili wakati ule ule. Mwizi akibeba seva, anabeba zote mbili. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa hufunga zote mbili.

Kwa hiyo iwepo nakala ya tatu, nayo ilale jengo lingine. Wale waliokuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 wanakumbuka Ufundi House, jengo la ushirika lililoporomoka bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, siku waliyokufa watu zaidi ya 200 mjini. Hakuna diski ambayo ingestahimili hayo. Mafuriko ya Aprili 2024 nayo yaliingia nyumba nyingi za Nairobi bila kubisha. Nakala iliyo chumba kimoja na seva huenda nayo.

Nunueni diski ya nje, ya kawaida tu. Kila mwezi iletwe, inakiliwe, ichomolewe, ipelekwe mbali. Msiiache imechomekwa. Iwe imefungwa kwa neno la siri, na neno hilo lisikae kichwani mwa mtu mmoja. Vikundi vingi mnalo lile sanduku la fedha lenye kufuli tatu, kila ufunguo na mwanachama wake. Basi fanyeni vivyo hivyo. Nakala ya intaneti nayo ni nzuri, mradi malipo ya kila mwezi hayakatiki kwa sababu mweka hazina amesafiri. Na vile vitabu vidogo vya mwanachama visiachwe. Karatasi haihitaji stima.

Stima, joto na dalili

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia mtambo wa umeme kule Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia tena karibu nchi nzima. Nyuma ya mageti ya Spring Valley jenereta hunguruma mara moja. Kangemi na mashambani hapana. Diski ikikatiwa stima katikati ya kuandika, ukurasa unaweza kubaki nusu. Kwa hiyo kabla ya kuongeza terabaiti, nunueni UPS, kile kisanduku cha betri, chenye nguvu ya kuiwezesha seva kujizima yenyewe vizuri. Dakika kumi zinatosha. Betri yake nayo huchoka, ijaribiwe.

Msiweke seva ukuta mmoja na posho mill, kwa ajili ya mtikisiko na unga. Joto watu huliogopa sana, lakini uchunguzi wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba lilihusika na vifo kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Uchunguzi huo huo ulikuta jambo la kutisha zaidi: diski ikionyesha kosa la kwanza la kusoma uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ile isiyoonyesha. Siku mnayoona kosa hilo, ibadilisheni, msingoje. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu.

Diski iliyokufa

Ina majina, namba za vitambulisho na madeni ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu yeyote anayetunza habari za watu, na vikundi vimo. Habari hizo zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Msimwuzie mtu wa vyuma chakavu diski nzima. Fundi aitoboe sahani mbele ya viongozi wawili, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Na zile diski za zamani zilizokuja na seva ya zawadi zina habari za wafanyakazi na wateja wa ofisi ile. Zirudisheni kwao, au zifutwe kabisa wakiwapo. Msizifungue kuangalia.

Maswali ya kujadiliana kwenye mkutano

Tukiipoteza kompyuta yetu usiku wa leo, ni mwezi upi wa mwisho tunaoweza kuuonyesha kwa maandishi? Kila mtu ajibu kabla katibu hajajibu.

Chagueni jina la mwanachama mmoja kwa kura. Toeni ile diski ya nje, ichomekeni kwenye kompyuta nyingine, si seva, mtafute akiba yake ya mwezi uliopita, kisha mlinganishe na kitabu chake cha mkononi. Imechukua muda gani? Zimelingana?

Nani anajua neno la siri, na nani analijua akiwa huyo amekwenda mazishini nyumbani?